Esansi ya Motokaa katika Ndege ya Zamani

Ziko ndege ndogo za zamani zilizoruhusiwa kutumia esansi ya motokaa, mradi haina alkoholi. Wenzetu wa Malawi walianza mwaka 1982 kuichanganya na alkoholi ya miwa. Nayo alkoholi hunywa maji. Hapa Lubumbashi, mvua za Novemba zikianza, hewa yenyewe ni maji! Juu penye baridi, maji hayo pamoja na alkoholi hujitenga, hushuka chini ya tangi, na injini yaweza kuzimika hali chini ni miti tu. Mipira ya zamani nayo huharibika.

Kuipima si kazi: tutie maji kidogo katika chupa nyembamba, tuweke alama, tuongeze esansi, tutikise, tungoje itulie. Maji yakionekana kupita alama, tuiachie motokaa.