Urithi wa Mama: DNA ya Mitokondria katika Ndege

Katika makala hii twakusudia kueleza jambo dogo lililowalazimu wataalamu kubadili hukumu yao zaidi ya mara moja. Ndani ya seli za ndege, nje ya kiini, mna mitokondria, vipande vinavyoipatia seli nguvu, navyo vina DNA ya pekee iliyo kama pete. Ile ya kuku, iliyosomwa yote mwaka 1990, ina jozi za besi 16,775 na jeni 37.

Kwa kawaida urithi huu hupitia kwa mama tu. Waluguru watauelewa upesi: mwana wa kiume ni wa ukoo wa mama yake, lakini watoto wake hawaupati ukoo huo kwake. Tena, katika ndege, jike ndiye mwenye kromosomu za jinsia zisizofanana, Z na W. Kwa hiyo W na DNA hiyo humfikia binti kwa njia moja.

Makosa ya kunakiliwa hujilimbikiza kizazi hata kizazi, na kwa kuyalinganisha ujamaa hupimwa. Wengi walikadiria kwamba tofauti kati ya koo mbili huongezeka kwa asilimia 2 hivi kila miaka milioni. Kipimo hicho, kwa maoni yetu, kimetumiwa kwa wepesi mno, maana kasi hutofautiana baina ya jeni na jeni, na baina ya ndege na ndege.

Zamani ilifundishwa kwamba ndege wakubwa wasioruka walitokana na babu mmoja asiyeruka, kisha wakatenganishwa mabara yalipoachana. Sisi wenyewe tuliutumia mfano huo katika somo la uumbaji, kana kwamba shauri limekwisha. Kiwi na moa, wote wa Nyuzilandi, walidhaniwa kuwa ndugu. Mwaka 1992 DNA ya moa, ndege waliokwisha kutoweka, ilionyesha kwamba kiwi yu karibu zaidi na emu na kasowari. Mwaka 2014 ikasomwa DNA kutoka mifupa ya ndege-tembo wa Madagaska, naye pia ametoweka. Huyo ndiye aliyeonekana kuwa jamaa wa karibu kabisa wa kiwi. Moa naye yu karibu na tinamu wa Amerika ya Kusini, ambao huruka hata leo. Yaelekea basi kwamba mababu waliruka kuvuka bahari, na kila ukoo ukapoteza uwezo huo mahali pake. Ndege-tembo alifikia uzito wa mamia ya kilo; kiwi ni kadiri ya kuku.