Ukiingia pangoni, usiige sinema

Je, msomaji, umewahi kutazama sinema ya watu waliopotea pangoni? Bila shaka uliona kila pembe ina mwanga, wahusika wakikimbia na popo wakiwarukia usoni. Ukweli ni kwamba ndani kabisa ya pango, taa yako ikizimika, huwezi kuuona hata mkono wako mwenyewe. Wala hakuna mzoefu anayekimbia humo.

Mguu ukivunjika je? Katika The Descent, filamu ya Uingereza ya mwaka 2005, mwanamke anaanguka, mguu unavunjika na mwenzake anautengeneza papo hapo. (Viumbe wala watu waliomo tuwaache, hao ni wa sinema.) Sasa linganisha na pango la Riesending, Ujerumani, Juni 2014. Mtafiti mmoja aliangukiwa na mawe kichwani akiwa kina cha mita 1,000 hivi. Watu zaidi ya 700 walishiriki kumwokoa, na ilichukua siku 11 kumfikisha nje.

Baridi nayo sinema huisahau. Nguo zikilowa, mwili hupoteza joto upesi. Joto hilo likishuka chini ya digrii 35 mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito na akili huvurugika, hata akakwambia hajambo.

Filamu ninayoisifu ni Thirteen Lives ya mwaka 2022, kuhusu vijana 12 na kocha wao walionaswa na mafuriko katika pango la Tham Luang, Thailand, Juni 23, 2018. Humo utaona daktari akiwadunga vijana ketamine, dawa ya usingizi itumiwayo pia hospitalini wakati wa upasuaji. Wanafungwa mikono wasije wakazinduka majini na kung'oa barakoa za hewa, na njiani wazamiaji wasio madaktari wanawaongezea dawa. Ungedhani watunga filamu wametia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wote 13 walitoka hai kufikia Julai 10. Mzamiaji mmoja alikufa wakati wa shughuli hiyo. Mwingine, aliyepata maambukizi ya damu humo, alifariki Desemba 2019.

Na popo? Hawana haja na uso wako. Hatari yao haionekani katika picha. Pango la Kitum, Mlima Elgon, linajulikana kwa ndovu wanaokwangua chumvi kutani, lakini mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliokuwa wamelizuru walifariki kwa homa ya Marburg. Baadaye ilibainika kwamba virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda.

Kwa hivyo, ukizuru pango, vaa kofia ngumu, chukua taa tatu, na umwambie aliyebaki nje saa utakayorudi. Usiingie mawingu yakiwa mazito. Usishike popo wala kutimua vumbi la kinyesi chao. Ukipata homa ndani ya majuma matatu, nenda hospitalini na umweleze daktari kwamba ulikuwa pangoni, hata kama hakukuuliza.