Mwambie mtoto ukweli kuhusu kifo

NYANYA amefariki. Jamaa wamejaa nyumbani wakichanga pesa za jeneza na za gari la kusafirisha mwili hadi mashambani. Mtoto wa miaka minne anauliza nyanya yuko wapi. "Amelala," anajibiwa, kisha anatumwa kwa jirani akacheze.

Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini lina madhara. Mtoto wa umri huo huchukua maneno jinsi yalivyo. Akiambiwa nyanya alilala asiamke, huenda akaogopa kulala. Akiambiwa amesafiri, atamngoja. Hata kauli inayosikika sana katika matanga, kwamba Mungu alimpenda zaidi akamchukua, yaweza kumfanya amwogope Mungu yule yule anayefundishwa kumwomba.

Kwa kawaida mtoto aliye chini ya miaka mitano haelewi kwamba aliyekufa harudi. Ndiyo sababu huuliza swali lile lile kila siku. Wengi huelewa wanapofikia miaka 7 hivi. Wengine hujilaumu, wakidhani utundu wao ndio ulioleta kifo. Mwambie waziwazi kwamba si kosa lake.

Tumia neno lenyewe: "Nyanya amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, baridi wala maumivu." Baada ya hapo mweleze tumaini la Wakristo kuhusu ufufuo. Asipojua kwanza kwamba mwili hauhisi chochote, ataumia sana akiona jeneza likifukiwa udongo.

Je, aende mazishini? Mweleze mapema atakayoyaona: jeneza, nyimbo, watu wazima wakilia, kaburi. Kisha mwachie achague. Usimlazimishe kutazama maiti. Mtafutie mtu mzima anayemzoea, amshike mkono na kutoka naye akichoka. Ni vyema mtu huyo asiwe mzazi aliyelemewa na msiba.

Mazishi yakiisha, usilifiche jina la marehemu. Wakatoliki huwaombea wafu Novemba 2, na familia nyingi za madhehebu mengine hufanya ibada ya ukumbusho. Mpe mtoto kazi yake siku hiyo: achore picha ya nyanya, apande ua kaburini, au asimulie jambo alilolipenda kwake.

Kukojoa kitandani, kuota ndoto za kutisha, kukosa hamu ya kula au kumng'ang'ania mzazi ni mambo ya kawaida kwa mtoto aliyefiwa, na hupungua polepole. Yakiendelea kwa miezi, au masomo yakizorota, mpeleke kwa daktari au mshauri. Akisema anataka kufa ili amfuate marehemu, usingoje hata siku moja.

Nawe ukilia mbele yake, usione haya. Mwambie unalia kwa sababu unamkumbuka nyanya. Atajua kwamba naye ana ruhusa ya kulia.