Je, Wajua? Kioo Kinachoumuka Kama Andazi

Je, wajua kwamba mchanga unaweza kuwa uji? Mchanga huchanganywa na magadi, hutiwa tanuruni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, ukawa kioo. Kioo hicho kikipikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, huyeyuka majini. Uji huo mzito unaong'aa huitwa kioo cha maji. Wanakemia huuita silikati ya sodiamu.

Je, wajua kwamba uji huo huumuka? Upashe moto wa ghafla: maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, lakini uji umeshakuwa mzito na hauupi njia. Kila lengelenge hugandia pale pale. Kinachobaki ni povu gumu, jeupe, jepesi mkononi, wala haliwaki moto.

Je, wajua kwamba kinachozuia joto hapo ni hewa? Hewa iliyofungiwa katika vitundu vidogo hupitisha joto polepole sana. Aliyekaa chini ya bati hapa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, saa saba mchana anaelewa thamani ya tabaka la namna hiyo. Jiko la mbabula nalo, likizungushiwa kitu chenye vitundu kisichoungua, hutunza joto la makala lisipotee pembeni.

Je, wajua kwamba povu hufunga mlango? Katika majengo mengine, kingo za milango huwekewa vipande vya silikati yenye maji. Nyumba ikishika moto, vipande huumuka na kuziba mwanya, moshi na moto visipite.

Je, wajua adui wa povu hilo? Ni maji yaliyolizaa. Povu la silikati tupu hulegea kwenye unyevu, ndiyo maana mafundi huongeza viungo vya kulikaza. Katika mji wa ziwa na mvua kama Kalemie, hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji.

Je, wajua kwamba mwaka 1931 Mmarekani Samuel Kistler alianza na kioo hicho cha maji, akakitia asidi kikawa jeli, kisha akaikausha bila kuiacha inywee? Akapata erojeli, ambayo sehemu yake kubwa ni hewa. Mwaka 2004 chombo cha anga Stardust kilitumia erojeli kunasa vumbi la nyotamkia Wild 2, na mwaka 2006 vumbi hilo likafika duniani.

Je, wajua kwamba pumba za mpunga ni mgodi? Zikichomwa vizuri, majivu yake karibu yote ni silika, ile ile iliyomo mchangani. Majivu hayo yakichemshwa na soda kali ya watengeneza sabuni, kioo cha maji hupatikana bila tanuru la kuyeyushia mchanga. Lakini soda hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho. Si kazi ya kujaribia jikoni.

Je, wajua kwamba katika Ziwa Tanganyika silika yenye vitundu hutengenezwa bila moto? Mito huleta silika iliyoyeyuka. Daiatomu, vijimea visivyoonekana kwa macho, huifyonza na kujijengea maganda ya silika yenye vitundu vingi. Maji ya ziwa hutoka zaidi kwa kufukizwa na jua, na kiasi kidogo kwa mto Lukuga unaoanzia hapa Kalemie. Silika haifukizwi: sehemu kubwa huzama ikiwa maganda, hadi vilindi vya mita 1,470.

Je, wajua kwamba maganda hayo huweza kuwa mwamba? Kule Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, matope ya ziwa la kale yamekuwa jiwe jeupe, jepesi, linalochimbwa kwa ajili ya kuchujia na kuzuia joto.

Na je, wajua nani hula daiatomu? Wanyama wadogo sana wa majini, ambao nao huliwa na ndagala. Kwa hiyo ndagala anayeanikwa mchangani Kalemie, chanzo kimoja cha mlo wake ni vijimea vilivyojijengea nyumba ya kioo.