Jinsi Ulimi Unavyoshikamana na Ubongo

Kila mmoja wetu amepata kuungua ulimi kwa uji au chai ya moto. Siku hiyo sukari haina utamu wala chumvi haikolei, nasi twala kwa mazoea tu. Lakini hayapiti majuma mawili, ladha imerudi kama kwanza. Wengi husema kidonda kimepona, basi yamekwisha. Kumbe ndani ya ulimi hufanyika kazi kubwa isiyongojea mtu aungue. Huendelea usiku na mchana, maisha yetu yote.

Tukijitazama katika kioo twaona ulimini vinundu vingi vidogo. Katika baadhi ya vinundu hivyo mna vitumba vya kuonjea, visivyoonekana kwa macho matupu. Twaviita vitumba kwa kuwa umbo lake ni kama tumba la ua lisilochanua. Kila kitumba kina chembe hai 50 hadi 100 hivi. Hizo ndizo zitambuazo utamu, uchungu, uchachu wa ndimu, chumvi na ladha ya mchuzi wa nyama, kisha huzipa habari nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu, nazo huzifikisha ubongoni.

Sasa angalieni ajabu yenyewe. Chembe za kuonja hazidumu. Nyingi huishi siku kama 10, nyingine majuma machache, kisha hufa, na mpya hushika mahali pake. Mshipa haufi pamoja nazo. Ni kama ua ambao miti yake huliwa na mchwa na kubadilishwa kila mara, lakini kamba ni ile ile. Je, nani aifungaye kamba kwenye mti mpya?

Mti wenyewe huiita kamba. Vitumba hutoa protini ambayo ni kichochezi cha ukuaji, nazo nyuzi huifuata. Kichochezi cha kwanza cha mishipa kilitambuliwa na Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde, David Edgar na Hans Thoenen walikipata kingine katika ubongo wa nguruwe, nacho huitwa BDNF. Hicho ndicho kitolewacho na vitumba vya ulimi. Panya wasiokuwa nacho tangu tumboni mwa mama hupoteza karibu nusu ya chembe za fahamu katika fundo moja la mishipa ipelekayo ladha.

Lakini panya aliyekwisha kukua je? Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba walikiondoa kichochezi hicho katika panya wazima, na baada ya majuma kadhaa nyuzi zikapungua vitumbani. Hazikutoweka zote, maana si nyuzi zote zitegemeazo kichochezi hicho kimoja.

Mshipa nao hulipa deni. Tangu mwaka 1877 ilijulikana, kwa kazi ya von Vintschgau na Hönigschmied, kwamba mshipa wa ulimi wa sungura ukikatwa, vitumba hunyauka. Siku hizi twajua kuwa nyuzi hupeleka protini zao wenyewe ziamshazo chembe mpya. Dawa moja ya saratani ya ngozi, vismodegibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, huzuia amri ya namna hiyo, na wengi wanaoitumia hupotewa na ladha mpaka waiache. Mgonjwa kama huyo akisukuma sahani hana maringo, na wanaomwuguza yafaa walijue hilo, kwa maana asiyeonja hali, na asiyekula hukonda. Isitoshe, uchungu ndio utuonyao juu ya muhogo wenye sumu.

Huenda mtu akauliza, mbona kichochezi kisipakwe ulimini tu? Panya waliofanywa watoe BDNF kwa wingi nje ya vitumba walionekana nyuzi zao zikipotea njia tangu wanakua, zikaishia katika ngozi isiyo na kitumba hata kimoja. Mwito hufaa ukitoka mahali pake.