Mafuta Yaliyo Katika Damu Yako

Wakulima wengi hudhani ya kuwa mafuta katika damu ni ugonjwa wa watu wanene wakaao mijini. Sivyo. Hata mkulima mwembamba aweza kuwa nayo mengi, na asisikie maumivu yo yote mpaka siku moyo utakaposhikwa. Mwenye shamba akianguka ghafula, watoto, ng'ombe na madeni hubaki. Basi yafaa tulielewe jambo hili.

Kolesteroli ni kitu kama nta laini, na kimo katika damu ya kila mtu. Si sumu. Mwili huitumia kujenga seli zake na kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Nyingine hutoka katika nyama, mayai na maziwa.

Kolesteroli husafiri katika damu ikiwa imefungwa kama mizigo. Mizigo iitwayo LDL huitoa kwenye ini na kuipeleka mwilini. Ikizidi, hupenya katika kuta za mishipa na kukaa humo. Mizigo iitwayo HDL huirudisha kwenye ini.

Fikiri mfereji wa maji wa shamba. Tope likiongezeka kidogo kidogo, maji bado yapita, na mwenye mfereji haoni hasara. Lakini ukingo ukibomoka, mfereji huziba mara moja. Vivyo hivyo, mafuta yaliyokaa katika ukuta wa mshipa yakipasuka, damu huganda hapo. Ikiwa ni mshipa wa moyo, moyo hushikwa; ikiwa ni wa ubongo, mtu hupooza.

Jambo hili lilithibitishwaje? Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walianza kuwapima watu wa mji wa Framingham, jumla yao 5,209, na kuwafuata miaka mingi. Walioonekana kuwa na kolesteroli nyingi walipatwa zaidi na ugonjwa wa moyo kuliko wenzao.

Sasa tutazame jikoni. Kopo la mafuta laweza kuandikwa kwamba halina kolesteroli. Maneno hayo yasikudanganye. Mafuta yanayoganda, hata yakiwa ya mimea, hulizuia ini kuondoa LDL katika damu. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Pika kwa mafuta yasiyoganda, kama ya alizeti, tena kidogo. Punguza samli na nyama yenye mafuta mengi.

2. Kula maharagwe, ndengu, sukuma wiki na parachichi za shamba lako. Usizipeleke zote sokoni.

3. Maziwa usiyaache, lakini engua krimu yake. Yai moja kwa siku halina madhara kwa watu wengi.

4. Punguza sukari katika chai, na pombe, maana hizi huongeza mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseridi. Tumbaku iache kabisa. Huharibu kuta za mishipa.

5. Tembea kwa miguu kila siku, hata wakati ambapo hakuna kazi ya jembe.

Hata hivyo, chakula peke yake hakitoshi kwa kila mtu, maana wengine hurithi kolesteroli nyingi kwa wazazi wao. Njia ya kujua ni kupimwa damu hospitalini. Kwa watu wengi, jumla ya kolesteroli yafaa iwe chini ya milimoli 5 kwa lita. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au ambaye mzazi wake alishikwa na moyo angali kijana, asikawie.

Daktari akikupa dawa ya namna ya statini, imeze kama alivyokuagiza. Usiiache bila kumwuliza, ati kwa sababu wajisikia mzima. Ng'ombe hatungojei augue ndipo tumpeleke joshoni; humpeleka angali mzima, ili abaki mzima. Mwenye ng'ombe naye astahili kutunzwa vivyo hivyo.