Umri wa Mawe ya Milima Yetu

Mtu asimamaye juu ya Vilima vya Taita asubuhi isiyo na mawingu huweza kuuona Mlima Kilimanjaro upande wa magharibi. Akiulizwa ni upi uliotangulia, pengine atautaja Kilimanjaro kwa sababu ya urefu wake wa mita 5,895. Jibu hilo si sahihi. Kilimanjaro ulijengwa na moto wa chini ya ardhi katika muda usiofika miaka milioni 3, lakini mawe ya Taita yaliokwa katika tumbo la nchi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tangu hapo mvua na mito imeipunguza milima iliyokuwa juu yake.

Je, wataalamu wamejuaje, ilhali hapakuwa na mtu wa kushuhudia? Shahidi wao ni madini yaitwayo zirkoni. Punje zake ni ndogo kama mchanga, nazo ni ngumu sana. Jiwe husagwa, unga wake huoshwa kama wafanyavyo wachimbaji wa dhahabu, na punje nzito zinazobaki huchaguliwa kwa hadubini.

Zirkoni inapoumbika hupokea urani kidogo, lakini risasi huikataa. Baadaye urani hiyo hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani ya aina iliyo nyingi huisha kwa muda wa miaka milioni 4,470 hivi. Basi risasi ionekanayo ndani ya punje imezaliwa humo humo, na apimaye urani iliyobaki pamoja na risasi hiyo huweza kuhesabu miaka.

Mmoja wa waanzilishi wa njia hii, Mwingereza Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini. Mwaka 1951 aliandika kuhusu mawe ya kale ya Afrika Mashariki, akayaita Ukanda wa Msumbiji. Taita, Upare na Usambara zote zimo katika ukanda huo.

Zirkoni huweza kutunza habari mbili. Jiwe la kale likipata joto kali, punje huongezewa ganda jipya juu ya kiini chake. Ganda hueleza wakati wa kuokwa. Kiini hueleza asili ya jiwe. Katika sehemu ya magharibi ya ukanda huo, nchini Tanzania, zimeonekana zirkoni za zaidi ya miaka milioni 2,500. Maana yake, milima ile haikuumbwa kwa mawe mapya tu. Mawe ya bara la kale yalirudishwa motoni.

Maarifa haya yana faida. Joto na mgandamizo wa wakati ule ndio uliozaa yakuti nyekundu na vito vya kijani vichimbwavyo Taita. Mchimbaji ajuaye ukanda huo unapopita hatapoteza nguvu zake akitafuta vito hivyo katika mawe machanga ya Kilimanjaro.